Tangi la mimea: bila gesi, chupa ya hamira, au mtungi?

Kwa kawaida mmea wa majini huzoea karibu kiwango chochote cha hewa ukaa (CO2, ile gesi mimea inayoila), ilimradi kiwango chenyewe kitulie. Kinachoushinda ni kiwango kinachopanda leo na kushuka keshokutwa. Ndiyo maana tangi lisilotiwa gesi hata kidogo linaweza kupendeza kwa miaka, na la jirani yake, lenye gesi ya kuja na kupotea, likajaa mwani mweusi wa ndevu ndani ya mwezi mmoja. Anayechagua kati ya njia tatu, yaani kutotia gesi, gesi ya chupa ya hamira na sukari, au gesi ya mtungi, asianze kwa kuuliza ipi inatoa gesi nyingi. Aulize ni kiwango gani ataweza kukishika kila siku, kwa mfuko wake, umeme wake na muda wake.

Jani linavyojipanga

Hewa ukaa husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Kila jani lililozama limefunikwa na tabaka jembamba la maji yasiyotembea, na gesi inapaswa kupenya hapo kwanza. Tena gesi yenyewe ni haba: maji yaliyo wazi yenye nyuzi joto 25 hushika kama miligramu 0.6 tu kwa lita. Tangi lenye samaki na takataka zinazooza huamka na zaidi ya hapo, miligramu 3 hadi 5, kwa sababu usiku kucha viumbe wanapumua na mimea haili. Ikifika jioni mimea imeshaifagia karibu yote.

Jani lililokulia kwenye uchache huo hujengwa kwa ajili ya uchache. Hujaza rubisko, kimeng'enya kinachokamata hewa ukaa, na baadhi ya mimea huongeza kaboniki anhidrasi, kimeng'enya kinachogeuza bikaboneti kuwa hewa ukaa, pamoja na pampu za kuvuta bikaboneti, ile kaboni iliyofungamana na maji magumu. Kazi hii huonekana kwa macho. Chukua jani la Egeria au la Potamogeton kutoka maji magumu, lipapase upande wa juu: utahisi ukoko mweupe unaokwaruza kama chumvi. Jani husukuma asidi upande wa chini ili kugeuza bikaboneti kuwa hewa ukaa, na upande wa juu hubaki na alkali inayogandisha chokaa. Hydrilla huenda mbali zaidi. Ikikaa siku kumi au kumi na mbili kwenye joto, mchana mrefu na hewa ukaa chache, seli zake huanza kuhifadhi kaboni kama asidi ya maliki, kisha huiachia ikiwa imesongamana karibu na rubisko. Ni mbinu ileile ya mahindi, ila Hydrilla huimaliza ndani ya seli moja.

Mitambo hiyo hula nitrojeni na nishati ya mwanga. Kwa hiyo mmea ukipewa miligramu 20 au 30 kwa lita huibomoa na kupeleka mali yake kwenye klorofili na machipukizi. Watu hushangaa kuona mimea yenye gesi ikikua hata chini ya taa ya kawaida. Sababu ni hiyo: matumizi yamepungua, hivyo mwanga kidogo unatosha.

Tatizo huja pale jani la neema linapoamkia njaa. Halina rubisko ya kutosha, halina pampu, na rubisko chache iliyopo huanza kukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, jambo linaloupotezea mmea kaboni ambayo ulikuwa umeshaipata. Mmea hauwezi kulikarabati jani zee kikamilifu. Huona nafuu kulinyonya na kujenga jipya kileleni. Basi majani ya chini huwa ya kioo, hutoboka na kuyeyuka, huku yakivujisha sukari na amonia ambavyo mwani huvipokea kwa furaha. Majani mapya yanayolingana na hali mpya huchukua wiki mbili hadi nne. Ukibadilisha kiwango kila wiki, mmea hujenga na kubomoa bila kukaa ukafaidi.

Hali hiyohiyo huwapata waliotoka kununua mimea leo. Vitalu vingi hukuza mimea ikiwa juu ya maji, mizizi tu ndiyo imelowa. Majani hayo yana nta na stomata za kuvuta hewa, na yakizamishwa hayana kazi. Cryptocoryne ikiyeyuka wiki ya pili usiing'oe. Kata uozo, acha mizizi.

Pima maji kabla ya kununua chochote

Unahitaji namba mbili: pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, na KH, yaani ugumu unaotokana na bikaboneti. Hesabu ni: CO2 kwa miligramu kwa lita = 3 × KH × 10^(7 − pH). Tuseme tangi lina KH 4 na halitiwi gesi. Saa moja asubuhi pH ni 7.4, hewa ukaa ni karibu 4.8. Saa kumi jioni pH imepanda hadi 8.4, na hewa ukaa imeshuka chini ya 0.5. Kupanda kwa namna hiyo peke yake hakuthibitishi kwamba una mmea unaokula bikaboneti, maana kwa KH 4 hata maji yaliyoachwa wazi hukaribia pH 8.3.

Hesabu hii hudanganya maji yakiwa na asidi nyingine. Majani ya mkungu, magogo mapya na udongo unaoshusha pH hufanya ionekane una gesi tele wakati huna.

KH ndiyo inayoamua nani atapata chakula cha akiba. Maji ya visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huwa na bikaboneti nyingi. Vallisneria, Egeria, Ceratophyllum na Hydrilla hustawi humo bila gesi. Maji ya bomba ya Nairobi, yanayotoka mabwawa ya Aberdare, ni laini, hivyo hata Vallisneria hukosa cha kuvuta. Ziwa Tanganyika, lenye pH inayokaribia 9, halina hewa ukaa huru ya maana, na bado Vallisneria na Ceratophyllum humea humo, zikiishi kwa bikaboneti. Rotala nyekundu ukiitia kwenye maji ya aina hiyo haimalizi mwezi.

Njia tatu kwa pamoja

| | Bila gesi | Hamira na sukari | Mtungi |
|---|---|---|---|
| Kiwango cha CO2 (mg/L) | 0.5 hadi 5 | 5 hadi 20, hakitulii | 20 hadi 30 |
| Kuyumba | kila siku, kwa mpangilio uleule | kwa siku na kwa wiki | kidogo, vifaa vikiwa vizima |
| Taa kwa siku | saa 6 hadi 7, hafifu | saa 6 hadi 7, wastani | saa 7 hadi 8, hata kali |
| Ukubwa wa tangi | wowote | hadi lita 60 au 80 | wowote |
| Kupogoa | mara moja kwa mwezi | kila wiki mbili | kila wiki |
| Hatari kuu | mwanga kupita kiasi | mchanganyiko wa hamira kuingia tangini | gesi kumwagika |

Bila gesi

Hii ndiyo njia inayoharibiwa zaidi kwa wema. Mtu huona mimea inakua polepole, anaongeza taa. Taa ikizidi, kikomo kinabaki hewa ukaa, na mwanga usiotumika unaishia kwa mwani. Punguza taa kwanza. Wengine huikata katikati: saa nne za mwanga, saa tatu hadi nne za giza, kisha saa tatu za mwanga. Giza la katikati huwapa bakteria na samaki nafasi ya kujaza hewa ukaa upya.

Chanzo kizuri cha gesi hapa ni udongo. Tandaza udongo wa bustani uliochekechwa, usio na mbolea ya samadi mbichi, unene wa sentimita 2.5, kisha ufunike kwa kokoto ndogo au mchanga mkavu wa unene huohuo. Uozo wake hutoa hewa ukaa kwa miezi, chini kabisa penye mizizi. Ukizidisha unene, ndani hukosa oksijeni na kutoa harufu ya yai bovu.

Usitie jiwe la hewa mchana kutwa ukidhani unaongeza hewa ukaa. Asubuhi, tangi likiwa na miligramu 4 na hewa ikiweza kusimamisha 0.6 tu, mapovu yanaifukuza. Jioni, maji yakiwa yamefagiwa, yanaongeza kidogo. Mtikisiko mwepesi wa filta juu ya maji unatosha.

Jambo moja wengi hulipuuza: kubadilisha maji. Maji ya kisima yaliyotoka chini ya ardhi huweza kuwa na hewa ukaa nyingi mno. Ukimwaga nusu ya tangi kila Jumamosi, umewapa mimea karamu ya siku moja na njaa ya siku sita. Yaache maji kwenye ndoo wazi saa 24, au ubadilishe asilimia 15 hadi 20 tu. Wenye mtungi hawana shida hii. Wao wanaweza kubadilisha nusu kila wiki.

Mimea inayofaa: Anubias, Bolbitis heudelotii, Cryptocoryne na kangaga la Java (Java fern), ambazo hazili bikaboneti lakini hazina haraka, Vallisneria na Ceratophyllum kwa maji magumu, na yungiyungi, ambayo majani yake yakifika juu hula hewa ya chumbani na kukwepa mjadala wote.

Hamira na sukari

Kwa chupa ya soda ya lita 2: sukari gramu 200, maji ya uvuguvugu lita 1, hamira kavu robo kijiko cha chai, na bekingi soda nusu kijiko cha chai ili asidi isiiue hamira mapema. Gramu 200 za sukari zikichachuka zote hutoa kama gramu 100 za hewa ukaa. Hamira ikizidi haikupi gesi zaidi, inakupa gesi ya haraka.

Toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba kwa gundi ya epoksi. Mpira wa silikoni huvujisha hewa ukaa kupitia ukuta wake, kwa hiyo tafuta ule mgumu wa poliyurethani. Kati ya chupa na tangi weka chupa ndogo yenye maji nusu: hunasa povu la hamira na hukuonyesha mapovu yakipita. Kisha vali ya njia moja. Bila hiyo, gesi ikikoma na chupa ikipoa, maji ya tangi hufyonzwa kurudi chupani. Usiwahi kufunga njia ya gesi usiku. Uchachukaji haufungiki, chupa itapasuka.

Kasoro ya njia hii ni umbo la wiki yake. Siku mbili za kwanza mapovu yanafuatana, wiki ya pili yanahesabika kwa dakika, ya tatu kimya. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mchakato huo huenda mbio zaidi. Ndiyo hali mbaya kabisa kwa jani, kama tulivyoona. Dawa ni chupa mbili kwenye mpira mmoja, ukibadilisha moja kila wiki kwa zamu ili mpya ipande wakati kuukuu inashuka. Usiku washa jiwe la hewa kwa taima, kwani mimea nayo inapumua na samaki wataanza kuhema juu ya maji kabla ya alfajiri.

Asiyetaka kuzungusha chupa kila wiki ana mbadala wa ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki. Weka gramu 200 za ndimu ya unga na maji kwenye chupa moja, gramu 200 za bekingi soda na maji kidogo kwenye ya pili, ukifunga kwa vifuniko maalumu vyenye geji na vali ya sindano, ile ya kurekebisha gesi kidogo kidogo. Gesi yote ni kama gramu 105, lakini unaweza kuipima na kuifunga usiku. Tumia chupa za soda tu, maana za maji ya kunywa hazikutengenezwa kustahimili shinikizo. Na iwe bekingi soda hasa, si bekingi pauda, yenye wanga, wala magadi.

Mtungi

Vifaa kwa mpangilio: mtungi, regyuleta (hupunguza shinikizo), vali ya umeme, vali ya sindano, kihesabu mapovu, vali ya njia moja, difuza (husaga gesi kuwa mapovu madogo). Kabla ya kununua regyuleta angalia nyuzi za skrubu shingoni mwa mtungi. Za Ulaya ni W21.8, za Marekani ni CGA-320, na hazishikani. Mtungi wa kizimamoto mara nyingi una bomba la ndani linalofyonza kimiminika kutoka chini. Ukiufunga kwenye regyuleta ulivyo, kimiminika kitaingia na kuigandisha. Bomba hilo liondolewe na mjazaji gesi, usijaribu mwenyewe.

Geji ya mtungi haikuambii gesi iliyobaki. Kwa nyuzi 25 husoma kama baa 64 mtungi ukiwa umejaa, na baa 64 nusu ikiwa imebaki, kwa sababu kimiminika hugeuka gesi kila unapotumia. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, utoe uzito mtupu uliopigwa muhuri shingoni. Geji ikianza kushuka, kimiminika kimeisha. Badilisha siku hiyohiyo. Regyuleta za bei nafuu, shinikizo la kuingia likishuka, hupandisha la kutokea, na gesi ya mwisho humwagika tangini usiku mmoja. Samaki wote hukutwa wamekufa asubuhi, na mwenye tangi hudhani ni ugonjwa.

Juu ya nyuzi 31 hewa ukaa haikai tena kama kimiminika na shinikizo hupanda haraka, hivyo mtungi usikae juani wala ndani ya gari lililofungwa. Usiuweke chumba kidogo cha kulala: kilo 5 zikivuja zote hutoa karibu mita za ujazo 2.8, na chumba cha mita 3 kwa 3 kikafikia asilimia 11 ya hewa ukaa. Hiyo inaua mtu.

Taa zikiwaka saa sita mchana hadi saa mbili usiku, gesi ianze saa nne asubuhi na ikome saa moja jioni. Anza na povu moja kila sekunde mbili kwa tangi la lita 60, ongeza kidogo kila siku ya tatu ukiangalia samaki. Usinakili idadi ya mapovu ya mwenzako. Ukubwa wa povu hutofautiana.

Wengi hushauri pH ishuke kwa 1 kulinganisha na maji yaliyopumzishwa siku nzima. Hesabu haikubali sana: maji yaliyopumzika chumbani, penye hewa ukaa zaidi kuliko nje, yana karibu miligramu 1, kwa hiyo kushuka kwa 1 ni miligramu 10. Ili kufikia 25 unahitaji kushuka kwa 1.4 hivi. Kichupa cha rangi chenye maji ya KH 4, kinachoning'inizwa tangini, husaidia: bluu ni chache, kijani ni karibu 30, njano ni hatari. Kina uzito wa kuelewa, huchelewa saa moja hadi mbili, basi usikikimbize.

Umeme ukikatika, vali ya umeme hujifunga, na hiyo ni kheri. Tatizo ni taima za kuzungusha. Husimama umeme ukikatika na kuendelea ulipoishia, hivyo mkato wa saa tatu unasogeza ratiba saa tatu mbele. Ikiwa taa iko kwenye taima yenye betri na gesi iko kwenye ya kuzungusha, wiki mbili za mgao zinatosha kukuta gesi ikiingia saa nne usiku gizani. Weka zote mbili kwenye taima ya betri.

Ile chupa ya kaboni ya kumimina

Nyingi ni glutaraldehaidi, dawa ya kuulia vijidudu. Huua mwani vizuri, na ndiyo sifa yake halisi. Si badala ya miligramu 20 za hewa ukaa. Vallisneria, Egeria, Riccia na baadhi ya kuvumwani za tangini huyeyuka kwa kipimo ambacho mimea mingine haisikii. Vaa glavu unapoipima.

Gesi ikiisha na mjazaji yuko mji mwingine

Usisubiri mimea ikuonyeshe. Siku hiyohiyo punguza taa hadi saa 5 na uinyanyue au uizibe nusu, na ushushe mbolea hadi theluthi. Ikiwa bado una gesi kidogo, ni bora uikate kwa hatua: punguza moja ya tano ya mapovu kila wiki, wiki tano. Majani ya chini yatachoka; yakate yakiwa bado ya kijani kibichi chenye madoa, kabla hayajawa ya kioo, na ufyonze vipande. Usiguse ncha, ndiko majani mapya yanakojengwa kwa hali mpya. Mtungi ukirudi wiki ya tatu, usirudi kwenye mapovu ya zamani siku ya kwanza. Mimea itastahimili, ila samaki wameshazoea maji yenye gesi chache. Anza na povu moja kila sekunde tatu, panda kwa wiki mbili, na taa ndiyo ya mwisho kurudishwa.